Hakuna Aliyekosea

Karatasi ilisema Seini hajui kufikiri. Haikutumia maneno hayo, maana karatasi za mitihani zina adabu zake. Ilisema kwamba katika sehemu ya Stadi za Kufikiri mtahiniwa yumo kwenye kundi la chini, na kwamba hakupata nafasi katika shule yoyote kati ya tatu za kuchaguliwa alizoomba. Hisabati, kundi la juu kabisa. Kusoma, la juu. Kuandika, la juu. Kufikiri, mkiani. Lesieli, mama yake, aliisoma mara tatu kwenye simu, kasimama kwenye korido ya nyumba ya wazee anakofanya kazi, kwapani kabana furushi la mashuka machafu.

"Yametoka?" Janine, msimamizi wa zamu, alimfikia kwa viatu vyake visivyo na kishindo. "Mwanangu kapata chaguo la kwanza! Wako je?" Akaichungulia simu bila kukaribishwa. "Oo. Pole, mpenzi. Usiumie lakini. Nyinyi Mungu kawapa vipaji vingine. Mnaimba vizuri! Na raga, jamani, raga!"

Lesieli alicheka. Angeweza kumwambia Janine kwamba Seini hajawahi kugusa mpira wa raga, na kwamba akiimba, mbwa wa jirani hulalamika. Angeweza kumwambia kwamba mtoto huyo ndiye anayemkokotolea baba yake zamu za wiki nzima kichwani, na hakosei hata robo saa. Lakini Janine alikuwa mkubwa wake wa kazi, na Lesieli alilelewa kwao, visiwa vya Tonga, katika nyumba ambayo mkubwa akisema, mdogo hutazama chini. Kwa hiyo alitazama chini, akasema "Asante, Janine," akayapeleka mashuka kufuliwa. Hasira alikwenda kuimalizia kwenye mashuka.

*

Mwalimu wa Seini, Bwana Kovac, alikuwa mtu mwema, na wema wake ndio uliouma zaidi. Aliwaketisha Lesieli na mumewe Sitiveni kwenye viti vya watoto, magoti yakawafika kifuani, akaishika karatasi kama mtu aliyeletewa bili isiyo yake.

"Sielewi," alisema. "Nimemfundisha miaka miwili. Huyu anapata jibu mimi sijamaliza swali. Halafu anasubiri kwa heshima wenzake nao wapate." Akakohoa. "Niwaulize, na msinielewe vibaya. Nyumbani ana mahali pa kusomea? Najua nyumba zenu huwa na watu wengi. Kelele. Shughuli za kanisa."

"Ana meza," alisema Sitiveni.

"Meza ya jikoni?"

"Ni meza, mwalimu."

"Na aliwahi kwenda kwenye vituo vya kufundishia mitihani? Wenzake wengi wamekwenda tangu darasa la tatu."

Sitiveni alitazama viatu vyake. Anaendesha foklifti ya kunyanyulia mizigo ghalani. Bei ya kituo kimoja cha namna hiyo walikwishaiuliza, wakashukuru, wakatoka. Lesieli naye alitamani kusema kwamba kelele za nyumbani kwake hazijawahi kumnyima mtoto alama hata moja ya hesabu, iweje zimnyime za kufikiri peke yake? Alikuwa na swali, na lilikuwa swali zuri. Alilimeza kama alivyomeza maneno yake mbele ya Janine.

Bwana Kovac alikuwa na habari nyingine. Shule moja ya kuchaguliwa, iliyo upande wa pili wa reli, ilibakiwa na nafasi mbili. Ingewaita watoto wachache Jumamosi ya wiki iliyofuata, iwahoji na kuwapa karatasi fupi ya kufikiri. Yeye tayari ameandika barua. Akawapa na bunda la maswali ya mfano. "Kaeni naye. Tafuteni anapokwama. Mimi mbele yangu hakwami."

*

Walikaa naye siku hiyo hiyo, Seini akiwa bado na sare ya shule, majimbi yakichemka jikoni. Mtoto wa miaka kumi na mmoja, nywele kasuka mkia mmoja mgongoni, penseli kaichonga mpaka imekuwa sindano. Maswali matano ya kwanza aliyafyeka kama nyasi. La sita akaliruka. La saba akalijibu. La nane akaliruka.

"Hilo la sita gumu?" Lesieli aliuliza.

"Hapana, mama."

"Mbona hujalijibu?"

Lesieli aliivuta karatasi, akasoma kwa sauti. "Bibi Carter anamwambia mjukuu wake: kila aliyewahi kushinda mbio za shule alifanya mazoezi kila siku. Wewe umefanya mazoezi kila siku, kwa hiyo utashinda. Sentensi ipi inaonyesha kosa la Bibi Carter?" Akainua macho. "Haya, kosa lake lipi?"

Seini alianza kuichonga penseli ambayo haikuhitaji kuchongwa.

"Seini. Unalijua?"

"Nalijua. Wanaofanya mazoezi ni wengi, anayeshinda ni mmoja. Kushinda lazima ufanye mazoezi, ila ukifanya mazoezi si lazima ushinde. Jibu ni C."

"Basi weka C!"

"Mama," Seini alisema kwa sauti ya kumsihi mtu asimwaibishe, "yule ni bibi yake."

Sitiveni, aliyekuwa akikoroga tui la nazi, aliacha kukoroga.

"Na la nane?" Lesieli aliuliza taratibu.

"La nane ni mwalimu mkuu. Eti anasema wote waliochelewa walikuwa na baiskeli, kwa hiyo kila mwenye baiskeli huchelewa. Kakosea sana." Seini alishusha sauti, utadhani mwalimu mkuu yuko sebuleni. "La saba nimejibu, maana hao ni watoto wenzangu, Tom na Priya."

"Siku ya mtihani wenyewe ulifanyaje?"

"Ya watoto nilijibu yote. Ya wakubwa niliacha. Kulikuwa na babu, na daktari, na kapteni wa zimamoto. Mengine yalikuwa na jibu zuri, D: 'Hakuna aliyekosea.' Hayo niliweka D."

"Uliacha mangapi?"

"Kumi na moja. Na D nne."

Lesieli alicheka mpaka akashika meza, na kicheko kilipoisha alikuta mashavu yamelowa. Penye wazee haliharibiki neno, watu husema. Kumbe kuna wanaokaa ofisini wakatunga wazee wa karatasi, kazi yao kuharibu maneno tu, ili watoto wawasute. Mtoto huyu alikwenda kule akawastahi wote, bibi, daktari na mzima moto, na kwa stahi hiyo akaambiwa hajui kufikiri. Na nani aliyemfundisha? Aliyemfundisha alikuwa amekaa hapo hapo mezani, anajifuta machozi kwa taulo la vyombo.

*

Kwa hiyo nyumba ile ikaanza mazoezi ambayo hakuna nyumba ya Kitonga iliyowahi kuyafanya. Wazazi walisema upuuzi, mtoto akatakiwa kuwasahihisha.

"Tonga iko Ulaya," alisema Sitiveni, akivua buti za kazi.

Seini alijikuna shingo. "Labda iko nyingine, baba."

"Hakuna nyingine! Niambie nimekosea."

"Labda... umechoka."

"Mama Seini, mtoto huyu tumemharibu," Sitiveni alilalama, nao wakacheka wote watatu. "Haya tena. Samaki wote wanaishi majini. Mimi naoga majini kila siku. Kwa hiyo mimi ni samaki."

"Baba, wewe unaoga kila siku?"

Ilikuwa hatua. Jumanne alimwambia baba yake "sidhani". Jumatano alimwambia mama yake "si hivyo", akakimbilia chumbani kujificha. Alhamisi jioni Lesieli alisimama mbele yake na kijiko mkononi. "Kila mpishi mzuri anatumia chumvi. Mimi nimetumia chumvi. Kwa hiyo mimi ni mpishi mzuri."

"Mama," Seini alisema, akafumba macho, "umekosea."

"Amekosea nani?"

Sauti ilitoka mlangoni. Shangazi Melenaite hakubisha hodi, kwa sababu nyumba ya kaka yake ni yake. Ndiye dada mkubwa wa Sitiveni, na kwa Watonga dada wa baba ndiye kilele cha ukoo. Neno lake likishawekwa, halina wa kulitengua. Sitiveni alipomwona aliinuka kitini, akarudi nyuma mpaka ukutani, macho chini. Kaka habishani na dada yake, wala haketi akajinyoosha mbele yake, hata akiwa na ndevu zenye mvi.

"Nauliza, wifi. Ni nani aliyeambiwa kakosea, na ni nani aliyesema, katika nyumba ya kaka yangu?"

Lesieli alieleza. Alieleza vibaya, kwa kukwama, kama mtu anayekiri wizi. Melenaite alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaketi kwenye kiti cha Sitiveni.

"Nimefanya usafi kwenye nyumba za watu wa nchi hii miaka ishirini na sita," alisema. "Nimesikia watoto wakiwaambia mama zao maneno ambayo mimi simwambii paka. Mama anacheka, anasema mwanangu ana akili. Halafu mama anazeeka, na yule mwenye akili anampeleka wapi? Kwako, wifi. Wewe ndiye unayembadilisha nguo. Si uliniambia mwenyewe? Kila mzee aliyetupwa pale, watoto wake wamesoma hizo shule za kuchaguliwa, mawakili, madaktari. Kila mmoja! Sasa huyu naye mnampeleka huko. Akisoma huko, atawatupa. Hesabu yake ni nyepesi tu." Akaweka mkono mezani. "Jumamosi hamwendi. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ila huyu mamaye ndiye anayemfundisha ufedhuli."

Lesieli alijua vizuri kwamba wifi yake hakuwa mjinga wala mwenye roho mbaya. Yale ya wazee aliyaona kwa macho yake, na yalikuwa kweli. Ndiyo maana yalikuwa mazito kuyajibu, na hapakuwa na mtu mle ndani mwenye haki ya kuyajibu. Aliuona mlango wa mwanawe ukifungwa mbele ya macho yake, kwa upole kabisa, na mtu anayempenda mtoto.

Seini alishuka kitini. Alitembea ameinama, akaketi sakafuni mbele ya miguu ya shangazi yake, miguu kaikunja upande, kichwa chini ya magoti ya mkubwa kama itakiwavyo.

"Tulou," alisema. Ndilo neno la kumradhi, lisemwalo na mtu anayepita mbele ya wakubwa walioketi. "Tulou, shangazi. Umekosea."

Majimbi yalichemka, kifuniko kikagonga sufuria.

"Sema tena?" alisema Melenaite.

"Umesema wote waliowatupa wazee wao walisoma huko. Sawa. Hukusema wote waliosoma huko wamewatupa wazee wao. Hayo ni mawili, shangazi, hayafanani." "Mama anamhudumia Bwana Lindqvist. Mwanawe alisoma huko, na anakuja kila Jumapili na keki, anamkata kucha. Akiwepo hata mmoja kama huyo, basi si kila mmoja. Na mimi siwezi kumtupa mama. Lakini hiyo si hesabu. Hiyo ni ahadi yangu tu."

Melenaite alitazama utosi ule. Mkono wake ulinyanyuka, Sitiveni akapiga hatua moja kutoka ukutani, hatua ambayo hajawahi kuipiga maishani mwake. Mkono ukashuka kwenye mkia wa nywele wa mtoto, ukaunyoosha.

"Rudia," alisema.

"Shangazi?"

"Rudia lile la kwanza. Kwa sauti. Ukinong'ona hivyo, hao watu wa shule watakusikia?"

"Umekosea."

"Shingo juu!"

"Umekosea, shangazi!"

"Hm." Melenaite aliinuka, akajipangusa nguo kama aliyekuwa amekaa vumbini. Mlangoni aligeuka, akamtazama Lesieli, si kaka yake. "Jumamosi nakuja kumvalisha mwenyewe. Mtu anayekwenda kuwaambia wakubwa wamekosea, aende amevaa."

*

Alikuja saa moja asubuhi akamfunga Seini kiekie, mshipi wa nyuzi za mkeka ambao wanawake wa Kitonga huuvaa kiunoni kwa heshima, juu ya sketi ya shule. Akatema amri mbili tatu, akakataa chai, akaondoka zake kwenye mazoezi ya kwaya.

Kwenye chumba cha usaili walikuwa watu watatu nyuma ya meza ndefu. Aliyekaa katikati, Bi. Hargreaves, alikuwa na nywele fupi za kijivu na tabasamu la kazi. Waliitazama kiekie, wakatazamana, wakaipenda kwa kupita kiasi. "Ya kupendeza sana! Ni ya ngoma?"

"Ni ya kuvaa," Seini alisema.

Bi. Hargreaves alifungua faili. "Alama zako za hesabu, Seini, tunaziona mara chache. Lakini huku kwenye kufikiri uliacha maswali kumi na moja. Muda ulikuishia?"

"Hapana. Nilimaliza mapema."

"Hukuyaelewa?"

"Niliyaelewa." Akamtazama mama yake, kisha akasema shingo juu. "Yalitaka niseme watu wazima wamekosea."

Mwanamume wa kushoto alikohoa kicheko. Bi. Hargreaves aliinama mbele kwa huruma. "Lakini mpenzi, wale watu hawapo. Ni wa kwenye karatasi tu."

"Najua hawapo," Seini alisema. "Lakini mimi nipo."

Hapo hakuna aliyecheka. Walimpa karatasi fupi, maswali kumi na mawili, dakika ishirini na tano. Lesieli alikaa nyuma akiutazama mgongo wa mwanawe. Katika baadhi ya maswali midomo ya mtoto ilicheza kabla ya kuweka alama, na Lesieli hakuhitaji kusikia ili ajue anasema nini, na anamwomba radhi nani. Dakika ya kumi na sita aliweka penseli chini. Mwanamume wa kushoto alisahihisha, akaisukuma karatasi katikati ya meza, hajatia alama ya kosa hata moja.

"Vema!" alisema Bi. Hargreaves, na sasa tabasamu lilikuwa la kweli. Akamgeukia Lesieli, akaongea taratibu na kwa sauti kubwa, kama wanavyoongea na wageni. "Kwa hiyo ameweza kuliacha lile jambo la watu wazima. Nimefurahi. Maana, mama, lazima tuelewane tangu mwanzo. Hapa tunataka watoto wanaohoji. Hizo adabu ni nzuri, ni utamaduni wenu, lakini ndizo zinazomfunga. Akija kwetu aziache nyumbani."

Seini aliinamisha kichwa. Bi. Hargreaves alichukua kalamu, akangoja lile jibu analolijua, jibu la wazazi wote wanaokalia kile kiti wakiwa na shida. Nafasi zilikuwa mbili. Nje kwenye benchi kulikuwa na watoto tisa. Lesieli aliiona "Asante" ikimjia kinywani yenyewe, laini, iliyozoea njia, ile ile aliyompa Janine. Akaisikia ladha yake. Akasimama.

"Kumradhi, Bi. Hargreaves," alisema. "Umekosea."

Kalamu ilisimama.

"Hajaziacha. Kakuhoji nazo, kajibu karatasi yako nazo, mpaka imekwisha. Kilichomfunga si adabu, ni kwamba hakuna aliyemwambia mkubwa anaweza kusahihishwa bila kuvunjiwa heshima. Hilo kosa langu, nimelirekebisha wiki hii jikoni kwangu. Kwa hiyo akija, atakuja nazo zote. Kama hapa hazina nafasi, tuambie sasa hivi, tusikupotezee asubuhi."

Seini alikuwa amegeuka kitini, kinywa wazi, anamtazama mama yake kana kwamba ndiyo kwanza wanatambulishwa. Watu wawili wa pembeni walimtazama Bi. Hargreaves. Bi. Hargreaves aliutazama mkono wake mwenyewe wenye kalamu, na wekundu ukampanda kutoka shingoni mpaka masikioni.

Kisha akavuta fomu ya kujiunga kutoka chini ya faili.

"Jina la ukoo," alisema, bila tabasamu lolote. "Linaandikwaje?"

Lesieli hakukaa. Alimtajia herufi moja moja, kwa sauti, na alipofika mwisho akainama juu ya meza kuhakikisha ameandika sawasawa.